Maji ya Mchonganishi

Haya yalitokea miaka ile ambayo mvua iliagizwa kwa simu, na mwenye haraka akiongeza maneno ya heshima ili imnyeshee kabla ya jirani yake. Mji wa Mlimachokaa ulikuwa na maputo makubwa yaliyoleta mizigo kutoka Iringa. Ulikuwa na mbuzi waliovaa kengele zinazotaja jina la mwenye mali kila walipoingia shamba la mtu. Tena ulikuwa na Mchonganishi. Maputo watu waliyazoea, mbuzi nao wakazoeleka. Mchonganishi hakuzoeleka.

Kiwandani alikuwa na jina refu ambalo mtu akilianza asubuhi hulimaliza chai imepoa. Watu wa zahanati walimwita Mchonganishi kwa sababu kazi yake ilikuwa ileile ya mchonganishi yeyote: akikuta wawili wameshikana, hatulii mpaka waachane.

Mwangalizi wake alikuwa Kastori Luhwago, Mhehe wa miaka hamsini na ushee, mgane, mwenye mikono mikubwa iliyofaa zaidi kubeba magogo kuliko kushika kibao cha mashine ile, cha mpira laini, kisichozidi ukucha wa kidole gumba. Ndani ya kibao kile kulikuwa na vijifereji vyembamba kuliko unywele. Kastori alichukua seli zilizokwanguliwa kwenye uvimbe wa mgonjwa, akaziachia ndani ya maji, nazo zikaja mbili mbili zimekumbatiana, zinaelea kwenye kioo kama maharusi. Zilipofika njia panda ya vijifereji, maji yalikimbia kulia na kushoto kwa wakati mmoja. Hii ikavutwa huku, ile kule. Kastori akakoleza mkondo kidogo kidogo, mpaka zikaachiana, na Mchonganishi akatamka ni nguvu kiasi gani iliyozishinda.

Maana waganga wa zama zile walikuwa wameacha kukimbilia kisu. Walikuwa na kidonge, watu wakakiita gundi, kinachozifanya seli za saratani zing'ang'aniane zisiondoke zilipo. Saratani iliyotulia mahali pake ni kama mpangaji mkorofi: chumba chake unakijua, kelele zake unazijua, unamvumilia. Anayeua ni yule anayefunga virago na kwenda kufungua matawi kwenye mapafu na kwenye ini. Kwa hiyo kila mwezi mtu alikwenda kwa Mchonganishi kuuliza kama wapangaji wake bado wameshikana. Wakishikana, gundi inaendelea. Wakilegea, kisu.

Bibi Otilia Mbano mpangaji wake alikuwa amejipangia kwenye kikoromeo, palepale inapozaliwa sauti. Kisu kikipita pale, Bibi Otilia angeishi, ila asingesema tena.

Ungekuwa msiba mdogo kama angekuwa mtu mwingine. Lakini huyu alikuwa Mngoni, na kwa hiyo mtani wa kila Mhehe aliyekuwa hai, na wa wale waliokwisha kufa pia. Sauti yake ilijulikana wilaya nzima. Husemwa kwamba siku moja alimtukana Mhehe aliyekuwa ng'ambo ya bonde, yule Mhehe akaomba radhi, na mwangwi nao ukaomba radhi. Pasipo yeye hapakuwa na maziko yaliyokamilika.

Alipokufa Melania, mke wa Kastori, Kastori alikuwa amekaa bila kusema wala kula tangu taarifa ilipomfikia. Walipolifikisha jeneza makaburini wakakuta kaburi lina mtu. Otilia alikuwa amejilaza humo, kajifunika kanga, anasema hatoki. Alisema Wahehe wamezoea kuzika wanawake wazuri huku wao wakibaki juu wakila mbwa, tusi la kale la watani, na kwamba hatampisha marehemu mpaka apewe jogoo, tena mwekundu, asiye na kengeza. Kastori akacheka. Alipomaliza kucheka akalia, na alipomaliza kulia akaomba uji. Tangu siku ile alihesabu kwamba uhai wake alirudishiwa na mwanamke aliyelala ndani ya shimo.

*

Kwa miezi kadhaa habari zilikuwa njema mno. Seli za Otilia zilikataa kuachana. Kastori alikoleza mkondo, akaukoleza tena, na zile zikaendelea kung'ang'aniana kama ndugu wanaogombea shamba. Daktari Yusta Sichone, aliyekuwa akiwafuatilia wagonjwa kwa kioo kutoka mjini, alifurahi akaamuru gundi ipunguzwe, kwa kuwa gundi ilikuwa inamkaza Otilia taya kila asubuhi, na mtani mwenye taya zito ni kama ngoma yenye ngozi mbichi. Ikapunguzwa mara moja, na baadaye mara ya pili. Wagonjwa wengine nao walikuwa wanafanya vizuri. Kastori akaanza kutembea zahanati kifua mbele, kana kwamba seli zile amezilea mwenyewe.

Kitu kimoja tu kilimkera. Kwenye mirija ya Mchonganishi kulikuwa na utando mweupe, kama ule unaobaki kwenye birika. Aliukwangua, ukarudi. Akasema ni vumbi la kiangazi.

Asubuhi ya kipimo cha mwezi uliofuata alikuwa dirishani anafuta kioo, akamwona Otilia anapanda njia ya zahanati na dumu la buluu kichwani, mkono mmoja umelishika, wa pili unampungia mlinzi. Alisikia anamwambia mlinzi kwamba Wahehe wakiachiwa lango, mbwa wote wa mtaa huhama. Kisha akaingia, akalitua dumu taratibu, akalifuta kwa pembe ya kanga, akalisogeza ukutani nyuma ya madumu mengine yaliyojaa.

"Kamwene, mtani," akamsalimia kwa Kihehe. "Mbona unanitazama kama mtu aliyeona kitoweo?"

Kastori alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anatazama dumu. Madumu yale ya buluu yaliletwa na puto, yamejaa maji yaliyosafishwa mpaka yakabaki maji matupu, hayana chumvi, hayana chokaa, hayana chochote. Hayo ndiyo aliyomnywesha Mchonganishi. Na ni yeye Kastori aliyekuwa akimpa Otilia dumu moja kila mwezi kwa mlango wa nyuma, kwa kuwa gundi ilimkausha koo na maji ya kisima chake yalimchoma. Haikuruhusiwa. Lakini mtani akikauka koo Mhehe atatukanwa na nani?

Akamuuliza amelitoa wapi dumu lililojaa.

"Nyumbani, wapi kwingine? Ulinipa lina maji, nakurudishia lina maji. Nimechota mwenyewe kisimani." Otilia akakaa kwenye benchi, akafungua pakiti ya mbegu za alizeti. "Sisi kwetu chombo cha watu hakirudi kitupu. Ninyi ndio mnaorudisha sahani za watu zimelambwa."

Kastori akageuka akautazama ule utando mweupe kwenye mirija ya Mchonganishi. Akauliza kama ni mara ya kwanza. Otilia akamshangaa. Akasema kila mwezi, tangu alipoanza kupewa, na kila mara alikuwa analipanga nyuma ya mengine lisije likaonekana na Kastori akapata matatizo. Alilisema hili kwa fahari ya mtu aliyelelewa vizuri.

Mji ule haukuitwa Mlimachokaa bure. Maji ya visima vyake yaliacha utando kwenye birika, kwenye sufuria, hata kwenye meno ya wazee. Seli hushikana kwa mikono midogo isiyoonekana, na kinachoikaza mikono hiyo ni chokaa. Ndiyo maana kipimo kilitaka maji matupu: unataka kujua mshiko wa seli zenyewe, si wa maji. Kwa miezi yote ile Kastori alikuwa akizipima seli za watu huku amezifunga kamba.

Alimkwangua Otilia koo kwa brashi ndogo kama kawaida, akamwambia majibu yatachelewa, aende nje akapate jua. Kisha akatafuta dumu ambalo mhuri wa puto haujakatwa. Aliigawa sampuli mara mbili. Nusu ya kwanza akaipitisha kwenye maji ya kisima: seli zikashikana kama waliokula kiapo. Nusu ya pili akaipitisha kwenye maji matupu.

Mkondo haukuwa umefika hata robo. Zilikuja mbili mbili, zikafika njia panda, zikaachana. Hazikuvutana hata kidogo, hazikunyooka zikawa kama uzi wa asali jinsi zinavyofanya zinaposhindwa kishujaa. Ziliachana kama wapita njia; ulegevu wa namna ile hata gundi kamili haiurudishi. Jozi baada ya jozi, moja ikaenda kulia, nyingine kushoto.

Na kupitia dirishani sauti ya Otilia ikawa inaingia, nene, ina mchanga kidogo kwa chini, inamsimulia mlinzi jinsi babu yake alivyomkimbiza babu wa Kastori kutoka Songea hadi Kalenga, nyumbani kwao, na babu wa Kastori akapita Kalenga bila kuiona.

*

Siku ile na iliyofuata Kastori aliwaita wagonjwa wote akawapima upya kwa maji yenye mhuri. Aliwaambia kweli: maji yalichafuka, kosa ni la kwake. Mzee Ngailo ilibidi arudishiwe gundi yake kamili, na akanuna. Waliobaki mshiko wao ulikuwa wa kuridhisha. Majibu yote yakaenda kwa Daktari Yusta, isipokuwa ya mtu mmoja.

Ya Otilia yalikuwa kwenye kioo, yamepangwa sambamba, ya kisima na ya maji matupu. Mchonganishi alikuwa anauliza apeleke yapi. Kilichotakiwa ni kugusa kwa kidole tu.

Kichwani mwake akayapeleka ya kisima mara nyingi. Nani angejua? Wengine amekwisha kuwarekebisha, hakuna aliyedhulumika. Otilia angeendelea kupanda njia ile kila mwezi, akimtukana mlinzi. Na si kwamba hakuwahi kusema anachotaka. Mwaka uliopita, wakila mahindi ya kuchoma kwenye ngazi za zahanati, alimwambia kwamba wakimkata sauti wamchimbie kabisa, kwa sababu Mngoni bubu ni Mhehe. Walicheka wote wawili mpaka punje zikawatoka. Sasa Kastori alijaribu kukumbuka kama kwenye kile kicheko kulikuwa na mzaha mtupu au kulikuwa na kitu ndani yake, na hakuweza.

Akiyapeleka yale mengine, Daktari Yusta angempigia Otilia simu kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa daktari mzuri, ila maneno yake yalikuwa yamepigwa pasi. Angemwambia mama, matokeo hayajaturidhisha, fika Jumatatu ukiwa hujala. Otilia angeyasikia hayo akiwa peke yake jikoni, ameshika mwiko.

Akaondoa mkono kwenye kioo. Ilimjia kwamba tangu asubuhi anajiuliza ampe Otilia sauti au ampe maisha, kana kwamba vyote viwili viko stoo ya zahanati na ufunguo anao yeye. Vilikuwa vya mwenyewe. Alichokuwa nacho yeye ni habari tu, na habari ile ilikuwa ya Otilia kama lile dumu lilivyokuwa la zahanati.

Lakini aingie vipi? Alijaribu maneno njiani, akayatupa moja moja. Alifika kwenye uwanja wa Otilia jua likiwa bado kali, na kuku wamelala chini ya kihenge. Mlango ulikuwa wazi. Kastori hakubisha hodi. Alivua kofia, akajilaza kwenye kizingiti, urefu wote, kichwa kwenye fremu hii na viatu kwenye ile, akafunga macho.

Otilia alitoka jikoni akiwa na ungo wa alizeti. Akasimama.

"Mhehe, umelewa?"

"Sitoki hapa," Kastori akasema, macho bado yamefungwa, "mpaka nipewe jogoo."

Kastori alisikia alizeti zikiteleza kwenye ungo, kisha zikaacha. Mtani halali kizingitini bure. Hulala penye msiba, kuwazuia wenye nyumba wasipite na huzuni yao kabla hawajalipa. Otilia aliifanya kazi hiyo maisha yake yote, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani kafa?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo Kastori hakuwahi kuisikia.

"Bado."

Otilia akauweka ungo chini. Akaketi palepale kizingitini karibu na kichwa cha Kastori, na Kastori akamweleza yote akiwa amelala vilevile, kwa kuwa alijua akiinuka hatamaliza. Alimweleza habari ya chokaa na ya maji matupu, na jinsi seli zake zilivyoachana kama wapita njia. Alimwambia hajatuma kitu. Otilia alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja ambalo Kastori hakulitarajia: je, ni dumu lake ndilo lililofanya vile?

"Ni mimi niliyekupa maji yasiyo yangu," Kastori akasema.

"Na ni mimi niliyekurudishia." Akatikisa kichwa. "Adabu yote ile. Mama yangu angelijua hili angefufuka aje kunichapa, halafu asijue anichape kwa lipi."

Kisha akamwambia ainuke, anazuia kuku.

*

Alitaka kuziona. Alisema hawezi kuhukumu watu ambao hajawatazama usoni. Wakaenda zahanati pamoja, Otilia akiwa amebeba dumu la mwisho lililobaki kwake. Kastori alimsisitizia alirudishe tupu, na ingawa alikubali, alilifunika kwa kanga njia nzima, kama mtu aliyelazimishwa kupita sokoni bila nguo.

Akaketi mbele ya kioo. Kastori akaufungua mkondo. Jozi ya kwanza ikaja imekumbatiana, ikafika njia panda, ikaachana. Ya pili hivyohivyo. Otilia alizitazama muda mrefu, mkono kwenye koo.

"Wahehe hawa," akasema mwishowe. "Maji kidogo tu wameshasahauliana."

Akauliza wakimwacha na sauti yake, ni muda gani. Kastori akasema hajui, na kwamba anayejua hayupo. Huenda mwaka, huenda zaidi. Zikishaanza safari haziagi. Akauliza wakimkata. Kastori akasema atakula, atacheka bila mlio, atazeeka akiwa msumbufu. Zilikuwepo sauti za mashine, akaongeza, ndogo kama kifungo cha shati. Otilia akasema anazijua. Binamu yake alifungiwa moja kule Mbinga. Kila akitaka kumwambia mtu neno la utani, kifungo kinasema samahani, maneno haya yanaweza kumuudhi msikilizaji. Mashine zile zilifundwa adabu na watu wasio na watani.

Jozi nyingine ikaachana.

"Kilichonitisha si kunyamaza," Otilia akasema, akiwa bado anatazama kioo. "Ni Wahehe kuzikwa kimyakimya kama mizigo. Wewe ulikuwa umeacha kula, unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Basi nani atalala humo?"

Kastori akasema kaburi halihitaji sauti ili mtu alale ndani yake. Mdomo unaweza kusimama juu.

Otilia akageuka akamtazama. Alimtazama kuanzia viatu hadi kipara, kama mtu anayepima mbuzi mnadani. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Alipoweza kusema, alisema kwamba ameishi kuona Mngoni akipanga mdomo kwa Mhehe, na kwamba mdomo wenyewe una pengo. Akamwambia apeleke majibu yale ya kweli. Kastori akagusa kioo.

Mpaka siku ya kisu alikuja zahanati kila mchana, akamfundisha. Kastori alijifunza vibaya. Matusi ya kuwatania Wahehe aliyatamka kama anasoma ratiba ya misa. Otilia akamwambia utani hausemwi na ulimi, unasemwa na mtu ambaye yuko tayari kulia mkilia. Mengine ni kelele.

*

Mzee Ngailo alikufa mvua za masika zilipoagizwa, kwa uzee tu, uvimbe wake ukiwa bado umetulia mahali pake. Alikuwa Mbena, lakini mkewe alikuwa Mhehe na wanawe walilelewa Kihehe, kwa hiyo maziko yalikuwa ya Kihehe. Watu walikuja wengi. Binti yake mkubwa, Hosana, alifika kutoka mbali akiwa mkavu, hasemi, hali.

Jeneza lilipofikishwa, kaburi lilikuwa na mtu. Otilia alikuwa amejilaza humo, kajifunika kanga, shingoni kitambaa cheupe kimefungwa kwa mbwembwe. Watu hawakujua wacheke au wamhurumie, kwa kuwa habari ya kisu walikuwa nayo.

Kutoka shimoni ukatoka mkono, ukamnyooshea Kastori kidole.

Kastori akakohoa. Akasema kwa unyonge kwamba Bibi Otilia anauliza kama Wahehe wameleta jogoo.

Donge la udongo likaruka kutoka kaburini, likampiga kifuani.

Akajifuta. Akamtazama Hosana, akauona ule ukavu, akaujua. Akapanua kifua, na alipofungua mdomo ikatoka sauti ambayo hata yeye hakujua kwamba amekuwa akiitunza. Alisema Wahehe ni watu gani hawa, wanaokuja msibani tumbo mbele na mikono nyuma. Wanaomzika mzee mzuri kama huyu huku mbwa wa mtaa mzima wakishukuru kwamba leo mna shughuli nyingine. Wanaokimbia vita mpaka wanapita nyumbani kwao bila kupaona. Alisema shimo hili lina mwenyewe, na mwenyewe hatoki. Mwangwi ukarudi kutoka ng'ambo ya bonde.

Mjomba mmoja akaguna. Kisha kicheko kikaanza nyuma, kikaja mbele, kikamfikia Hosana, kikamkunja. Alicheka amejishika magoti. Alipomaliza kucheka akaanza kulia, na shangazi zake wakamzunguka.

Wakaleta jogoo mwekundu. Kastori akampokea, akainama ukingoni kumwonyesha Otilia. Otilia akamchunguza ndege yule jicho moja baada ya jingine, akaridhika. Kisha, badala ya kuinuka, akatoa mkono nje ya kanga na kuwaonyesha waombolezaji vidole viwili: majogoo wawili, mmoja wa mwenye kaburi, na mmoja wa mdomo.